Vioo Vitatu Ukutani kwa Dada

Aliyetunga methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hakuwa mwashi. Nalisema hili kwa hasira na sitaki kubishana na mtu. Tangu nyumba ya dada yangu ianze kupasuka, kila anayepita getini anasimama, anautazama ukuta wa jikoni, anatikisa kichwa, kisha ananitupia methali hiyo kana kwamba kaniokotea kitu nilichoangusha. Kuziba ufa ni kumpaka mgonjwa poda usoni: hajapona, amependeza tu. Ufa unatoka chini, kwenye msingi, na msingi ukishafukiwa hauchimbuliwi kwa methali.

Nimeshika mwiko miaka thelathini na minane. Mtaani wananiita Timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ambayo fundi huning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Walinipa jina hilo kwa sababu kuta zangu hazikuwahi kuinama. Zamani nikiitwa hivyo nilikuwa natembea kifua mbele. Siku hizi mtu akiniita Timazi namtazama kwanza mdomoni, nione kama anacheka.

Dada yangu ana miaka sitini na tisa. Alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na mwanafunzi wake wa kwanza nilikuwa mimi, maana mama yetu alifariki nikiwa na miaka sita, naye kumi na saba. Yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya shati, aliyenifundisha kuandika, aliyenichapa kwa sababu ya namba saba. Alitaka saba iwe na mstari katikati, "isije ikadhaniwa ni moja." Mimi nikakataa. Mpaka leo saba yangu haina mstari, kwa ukaidi tu. Ni yeye aliyenipeleka chuo cha ufundi na kuninunulia mwiko wangu wa kwanza. Aliponunua kiwanja kwa kiinua mgongo chake, hakuuliza nani atamjengea. Angeuliza ningenuna mwezi mzima.

Sasa niseme kuhusu misingi, kwa sababu watu wengi hujenga bila kujua, na mimi nilijenga nikijua.

Watu huchagua msingi kwa kuchungulia kwa jirani. Jirani kaweka mkanda, nami niweke mkanda. Lakini msingi hufuata udongo, haumfuati jirani. Ukikuta udongo mwekundu, mgumu, wenye changarawe, ambao haujaguswa na mtu tangu dunia iumbwe, msingi wa mkanda unatosha: unachimba mtaro chini ya kila ukuta, unamwaga zege, unapandisha mawe, basi. Ukikuta udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasukapasuka kiangazi, au kiwanja ambacho nusu yake ni ngumu na nusu ni kifusi, hapo unataka msingi wa jamvi: zege moja pana lenye nondo, linatandazwa chini ya nyumba nzima, ili upande mmoja ukilegea, nyumba yote ishikwe pamoja. Na kama udongo mgumu uko mbali sana chini, unachimba mashimo marefu mpaka uufikie, unamwaga nguzo za zege humo, na nyumba inakaa juu ya nguzo kama meza juu ya miguu yake. Mkanda, jamvi, nguzo. Hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza anajua.

Na udongo unaujuaje? Unachimba. Mwalimu wetu chuoni alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: mashimo matano, kona nne na katikati, kila shimo likufike kifuani. Tukimuuliza kwa nini yasiwe manne, alikuwa akisema, "Ukichimba manne, moja umekisia."

Kwa dada nilichimba mawili.

Ilikuwa hivi. Nilichimba kona mbili za mbele, nikakuta udongo mwekundu mgumu, mtaimbo ukigonga unarudisha mkono. Nikafurahi. Siku hiyohiyo, wakati nakwenda nyuma kuchimba kona nyingine, lori likaja na mawe ya msingi. Dereva hakuuliza mtu. Akarudi kinyumenyume mpaka kona ya nyuma kushoto, pale ambapo jikoni pangekaa, akainua bodi na kumwaga tripu nzima. Kuhamisha rundo lile kungetuchukua siku mbili. Nililitazama, nikatazama mashimo yangu mawili, nikajiambia udongo ni uleule, kiwanja chenyewe si uwanja wa ndege. Nikapima, nikapiga kamba, nikaamuru mkanda.

Mawe yalipokwisha kusogezwa na tukaanza kuchimba mtaro wa jikoni, sururu ilizama kama kwenye unga. Ukatoka udongo wa kijivu, majivu, na vipande vya matofali mabovu, yale yaliyoungua vibaya tanuruni. Mwashi yeyote angejua. Zamani watu walichimba pale udongo wa kufyatulia matofali, wakamaliza, wakalifukia shimo kwa takataka zao. Nilijua pia. Nikashusha mtaimbo, ukagonga kitu ngo! Huenda lilikuwa tofali tu, au rundo la matofali. Nikasema, basi, tumefika kwenye gumu.

Dada alikuwa amesimama juu ya mtaro na mwavuli wake wa kujikinga jua.

"Huku mbona laini?" aliuliza. "Kule mbele mlikuwa mnatoa cheche."

"Ni juu juu tu, Dada. Chini pamekaza."

"Nimesikia kuna msingi wa jamvi. Mwalimu mwenzangu kaweka. Anasema fundi wake kamwambia, ukiona udongo wa namna mbili, tandika jamvi."

Mafundi wote waliacha kuchimba, wakanitazama. Hapo ndipo kiburi kilipoongea kabla yangu.

"Dada, jamvi la nini? Unajenga ghorofa? Wewe fundisha watoto, mimi nijenge."

Wakacheka. Hata yeye akacheka, akarudi kivulini. Sikutaka kuonekana nimekosea mbele ya watu ninaowafundisha kazi, na kwa kweli sikutaka kuonekana nimekosea mbele yake. Nikaongeza zege kidogo upande ule na karai mbili za kokoto, nikafukia.

Nyumba ilipendeza. Lazima niseme hivyo. Sebule, vyumba viwili, ukumbi mwembamba katikati, jiko lenye dirisha pana la kuingiza jua la asubuhi. Dada alipaka jiko rangi ya maziwa na kupanga sufuria zake kwa ukubwa, kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikienda pale kila Jumamosi kula, na kila nikiingia napitisha kiganja ukutani, kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake.

Mwaka wa nne mlango wa jikoni ukakataa kufunga. Nikaupiga randa. Ukafunga wiki tatu, ukakataa tena. Nikaupiga randa mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ukabaki mwembamba juu na mpana chini. Kisha ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha, ukapanda kwa hatua kufuata matofali, kama ngazi. Ufa wa ngazi una maana moja tu. Kona ya nyumba inashuka.

Nikalaumu saruji. Nikalaumu jirani aliyechimba kisima. Nikalaumu jua, nikalaumu mti wa jirani huyohuyo, ambao uko mbali kiasi kwamba mizizi yake ingehitaji nauli kufika pale. Nikiwa peke yangu niliona majivu na vipande vya tofali, na nikasikia ile ngo. Chakula kikanishinda. Mteja mmoja aliyekuwa amenipa nyumba yake akanifuata kwa adabu zote akachukua ramani. Alisema ameahirisha ujenzi. Baada ya wiki nikaona msingi wake unachimbwa na mtu mwingine. Simlaumu. Nani atampa kazi fundi ambaye nyumba ya dada yake tumbo moja inapasuka?

Dada ndiye aliyemleta mhandisi, binti aliyewahi kupita mikononi mwake darasa la kwanza. Alikuja na buti, daftari na futi ya chuma. Akazunguka nyumba mara mbili, akachuchumaa kwenye kona ya jikoni, akagusa ardhi. Kisha akanigeukia.

"Mzee wangu, ni msingi gani huu?"

"Mkanda."

"Mashimo ya kupimia udongo mlichimba mangapi?"

Dada alikuwa amesimama kando yangu, ameshika sinia ya chai.

"Matano," nikasema.

"Udongo ulikuwa sawa yote matano?"

"Sawa kabisa. Mwekundu."

Akaandika. Niliona kalamu yake inaandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri, na sikuizuia. Dada aliweka sinia juu ya ngazi na kuanza kumimina chai.

"Kama udongo ni sawa," alisema mhandisi, "basi huenda nyumba imekaa tu, kama zinavyokaa nyumba nyingi, na sasa imetulia. Tutaipima msimu huu wa mvua. Mzee unazijua zile alama za kioo?"

Ninazijua. Ni ujanja wa zamani. Unakata kipande chembamba cha kioo cha dirisha, urefu wa kidole, unakilaza kukatiza ufa, unakishika kwa donge la saruji kila upande, unaandika tarehe kwenye saruji ikiwa mbichi. Kioo hakina subira. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinapasuka. Kikikaa kizima mvua nzima, nyumba imetulia, unaweza kurekebisha ukakaa. Kikipasuka, inaenda.

"Kikipasuka hata kimoja nipigie simu siku hiyohiyo," alisema. "Mwalimu atatakiwa kuhama, na kwa upande wa jikoni sioni la kufanya. Vikibaki vizima mpaka mvua iishe, nakuja tuanze matengenezo."

Nikaweka vioo vitatu tarehe saba mwezi wa tatu: kimoja jikoni, kimoja ukumbini, kimoja chumbani kwa Dada juu ya kitanda chake. Nikachukua msumari nikaandika 7/3 kwenye kila donge. Dada alikuwa ananishikia karai.

"Bado saba yako haina mstari," alisema. "Mtu atadhani ni tarehe moja."

"Na aidhanie."

"Mkaidi wewe."

Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne mfululizo. Sikulala vizuri hata siku moja. Jumamosi nikaenda mbio, viatu vimejaa tope, sikubisha hodi. Kioo cha jikoni kilikuwa kizima. Cha ukumbini kizima. Cha chumbani kizima. Nikakaa kwenye kitanda cha Dada bila kuomba ruhusa, nikaanza kucheka peke yangu. Siku hiyo nilikula sahani mbili, nikaomba ya tatu. Dada alikaa mkabala nami, mashavu mikononi, akinitazama ninavyokula kama alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka sita.

"Umekonda sana wewe," alisema. "Kula."

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mvua inanyesha, mimi nakuja, vioo vizima. Nilianza tena kupiga mluzi. Nikapokea kazi ya kujenga uzio, kisha choo cha shule. Mtu mmoja akaniita Timazi na sikumtazama mdomoni. Ijumaa zote nilikuwa nampigia mhandisi na kumwambia hali ni shwari, naye anasema, "Afadhali, mzee wangu."

Yapo mambo niliyaona. Siwezi kusema sikuyaona, mimi ni fundi. Jumamosi moja donge la saruji jikoni lilikuwa na rangi nzito kuliko ya kawaida, kama la juzi. Nikasema ni unyevu wa mvua. Mfuko wa saruji niliouacha stoo ulikuwa umelegea. Nikasema panya, kana kwamba panya hula saruji. Dada alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole gumba, nikamuuliza.

"Kisu," alisema. "Macho yamezeeka."

Wiki iliyofuata ni kidole cha shahada. Nikamtania kwamba mwisho atatupikia mkono wake. Akacheka sana, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili.

Mvua zilipoanza kupungua, mhandisi akasema nianze kuandaa ukuta. Nitoe lipu iliyo kando ya ufa, nisafishe, yeye atakuja Jumatatu aukague. Nikaenda Jumamosi mapema na nyundo, patasi na mfuko mpya wa saruji begani. Nilikuwa naimba. Dada aliponiona na nyundo akasimama mlangoni.

"Leo leo?" aliuliza. "Ngoja nikupikie kwanza."

"Nipikie, mimi naanza jikoni."

"Anza sebuleni basi."

"Sebuleni hakuna ufa, Dada. Umeanza kuzeeka kweli."

Nikamsogeza kwa bega, nikaingia. Nikapiga patasi mara tatu tu. Lipu haikubanduka kidogokidogo kama inavyopaswa. Ilianguka pande kubwa, kama ganda la yai lililochemshwa, na nyuma yake ufa ukafunguka. Mwezi wa tatu ukucha wangu ulikuwa unaingia kwa shida. Sasa niliingiza vidole vinne vikiwa bapa, mpaka kiganjani. Nikainama, nikaona mwanga wa nje na jani la uani linalotikisika.

Na juu ya ufa uleule, kioo changu kimelala, kizima, kinang'aa.

Nilisimama pale na akili yangu inakataa. Nikadhani labda saruji iliachia, kioo kikateleza. Nikaligusa donge. Limeshika vizuri mno. Nikaisoma tarehe. Ilikuwa 7/3, mwandiko safi, namba zimekaa kwenye mstari ambao haupo, kama kwenye daftari la mfano. Na saba ilikuwa na mstari katikati.

Nikaenda ukumbini. Saba bila mstari, lakini mkia wake umepinda kwa madaha, si wangu. Nikaenda chumbani. Saba yenye mstari.

Niliporudi, Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni na bati la biskuti magotini. Hakungoja nimuulize. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vioo, vipande kwa vipande, vimefungwa kwa karatasi za daftari kama vitumbua vya kuuza, na juu ya kila karatasi ameandika siku kilipopasuka. Mwalimu hata akidanganya anaweka kumbukumbu. Sikuhesabu. Bati lilikuwa limejaa.

"Cha kwanza kilipasuka siku ya pili ya mvua," alisema. "Nilikisikia nikiwa kitandani. Tik. Kama mtu kavunja kijiti."

"Dada."

"Niliinua simu nikupigie. Nikakumbuka ulivyokuwa. Ulikuwa umeacha kula, mdogo wangu. Ulikuwa unakuja hapa unageuza chakula kwenye sahani, unaondoka. Nikasema nikibadilishe wiki moja tu, ule. Nilikuwa nimekutazama ulivyoweka, si kazi ngumu, na ufa ulipopanuka niliupaka saruji juu. Kukata ndiko kunakoumiza mikono." Akavitazama vidole vyake. "Ukaja, ukala sahani mbili. Wiki iliyofuata vikapasuka viwili. Ningefanyaje? Nikunyang'anye sahani?"

"Na nyumba ikikuangukia?"

"Ningekuwa nimekuona unakula."

Nilipandisha hasira, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho karibu. Nikamwambia ni mtu mzima hovyo, ni mwalimu gani huyu, ukuta unashuka yeye analala chini yake na kubandika vioo. Nikapiga meza, sufuria ndogo ikaanguka. Aliniacha nimalize. Amezoea, darasa la kwanza lina watoto wa namna hiyo.

Nilipoishiwa pumzi nikasema lile ambalo nilikuwa nimelibeba miaka minne.

"Sikuchimba matano. Nilichimba mawili. Na kwenye mtaro huu kulikuwa na majivu na tofali. Nilijua ni shimo la matofali, Dada. Nilijua siku ileile. Ulisema jamvi, na ilikuwa jamvi."

Akaanza kufunga bati, kifuniko kikamshinda, akakiacha.

"Nilikuwa nimesimama pale juu," alisema. "Niliyaona majivu. Mimi si fundi, lakini majivu nayajua. Na mashimo niliyaona, mawili. Hata mhandisi alipouliza, nilikuwa kando yako na chai."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya mafundi wako? Halafu mbele ya mtoto niliyemfundisha a, e, i, o, u?" Akatikisa kichwa. "Nilijisemea, fundi ni yeye. Mimi nilimpeleka chuo mwenyewe. Kama mimi simwamini, nani atamwamini?"

Hapo sikuwa na hasira tena, wala sikuwa na kitu kingine. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nimewahi kuvunja kuta na kuzijenga upya, nimewahi kuinua paa zima kwa jeki na magogo. Nilikuwa naitafuta kichwani kazi ya kufanya, hata moja, kazi yoyote inayotaka mikono, na sikuipata. Huwezi kutandika jamvi chini ya nyumba iliyokwisha kusimama. Kona ikishuka kwa kasi ile, juu ya kifusi ambacho hujui kinaishia wapi, ukichimba chini yake unaisaidia kuanguka.

Nikampigia mhandisi. Nikamwambia mashimo mawili, majivu, vidole vinne, vioo. Niliyasema yote bila kupumzika.

"Mtoe mwalimu humo, mzee," alisema. Safari hii hakusema mzee wangu. "Sasa hivi. Ningejua kuhusu mashimo, ningemtoa mwezi wa tatu."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Tukaanza kutoa vitu. Dada alitaka kuanza na sufuria, akazitoa kwa ukubwa, ile kubwa kwanza, na kuzipanga uani kwenye mstari uleule. Mimi nikatoa jiko, meza, kigoda. Mlango wa jikoni wa kutokea uani haukufunguka hata kwa teke, kwa hiyo kila kitu tulikizungushia ukumbini, tukipita chini ya kioo cha saba isiyo na mstari. Wingu lilikuwa limekusanyika tena upande wa nyuma. Nilimwambia atakaa kwangu, chumba cha mbele, akasema ajuavyo mimi nakoroma mpaka jirani anajua, lakini sawa.

Kikabaki kabati la vyombo. Tukalishika, mimi ncha ya chini, yeye ya juu. Kabla hatujaliinua akautazama ufa na lile jani linalotikisika nje.

"Ukinijengea nyingine," alisema, "utachimba mashimo mangapi?"

"Matano."

"Chimba sita. La sita nitakuonyesha mimi pa kuchimba."

"Sawa, Dada. Sita."

"Na msingi?"

"Utakaosema wewe."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtoto kampatia jibu. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kila alichopata kwa kufundisha kilikuwa ndani ya kuta zile. Hakuna nyumba nyingine. Alijua, na mimi nilijua. Akasema, "Moja, mbili," tukainua kabati, na lilipokuwa linatoka mlangoni tukasikia nyuma yetu, kule jikoni, tik. Hakuna aliyegeuka kutazama.